Mafunzo tunayouziwa yapimwe kazini: barua ya wazi kutoka Kigoma

Kwa:
Katibu Mtendaji, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET)
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA)
Mkuu wa Mkoa wa Kigoma

Nakala: Chama cha Waajiri Tanzania (ATE), Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo (TCCIA), Mkoa wa Kigoma

YAH: VIWANGO VYA UBORA KWA WATOA MAFUNZO WANAOHUDUMIA WAAJIRI

Ndugu Viongozi,

Nawasalimu kutoka Kibirizi. Mimi ni mwajiri. Karakana yetu inatengeneza majokofu, mitambo ya barafu na injini za boti, na wateja wetu wengi ni watu wa ziwa: wenye boti za mizigo, wachuuzi wa migebuka, wauza samaki wa sokoni, mama wa mgahawa mwenye friza moja ambayo ikizima siku mbili mtaji wake wote umeoza. Fundi wa majokofu akiwa mbovu, hasara haimkuti yeye. Inamkuta yule mama.

Ombi langu naliweka hapa juu ili hata asiye na muda wa kusoma barua yote alione. Mtu au taasisi yoyote inayomuuzia mwajiri mafunzo ya wafanyakazi ipimwe kwa kile ambacho mfanyakazi anakifanya akirudi kazini, na anayepima asiwe yule aliyefundisha. Matokeo ya kipimo hicho yawekwe wazi ili mwajiri wa Kasulu, wa Uvinza au wa Kibondo ayasome kabla hajatoa hela yake.

Sizungumzii kozi ndefu za vyuo, zile za mwaka na zaidi zenye mtaala wa taifa, mitihani ya taifa na tuzo za ufundi stadi za daraja la kwanza hadi la tatu. Zina matatizo yake, lakini angalau zina mlango wa kuulizia. Nazungumzia kozi fupi: za siku mbili, za wiki, za wiki mbili, zinazouzwa moja kwa moja kwa kampuni, halmashauri, hoteli na wenye viwanda. Huduma kwa wateja, uendeshaji wa mitambo ya kunyanyulia mizigo, uchomeleaji, umeme wa jua, majokofu, huduma ya kwanza, utunzaji wa stoo. Mwenye kuuza anakuja na barua yenye muhuri, anapanga bei kwa kichwa, anakodi ukumbi, anafundisha, anagawa vyeti, anaondoka. Ukimtafuta baada ya mwezi, simu haipatikani au yuko mkoa mwingine anauza kozi ileile.

Nitoe mfano mmoja kwa urefu, maana ndani yake mna karibu kila ninachotaka kusema.

Kuna mtoa mafunzo, jina lake nalihifadhi, aliyetufundishia mafundi wa majokofu. Kozi ilikuwa ya gesi mpya za kupozea. Mada yenyewe ilikuwa sahihi kabisa na ilikuja wakati wake. Mwezi Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, hapa hapa kwa majirani zetu, yakakubaliana kupunguza hatua kwa hatua gesi za kundi la HFC, ambamo R134a tuliyoizoea imo, kwa kuwa zinaongeza joto la dunia. Majokofu mengi ya nyumbani yanayoingia nchini sasa yanatumia R600a, yaani isobutani. Ni gesi nzuri kwa kupooza, inatumika kidogo sana, makumi machache ya gramu kwa jokofu zima. Lakini inawaka moto. Halafu ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka na kujikusanya sakafuni, mahali ambapo fundi amepiga goti na tochi yake ya kulehemu.

Kwa hiyo fundi aliyelelewa na R134a anatakiwa kubadili mikono yake, si kuongeza maarifa kichwani tu. Lazima atoe gesi yote kwanza na kuipeleka nje penye hewa, asafishe mfumo kwa naitrojeni, na pale inapowezekana aunge mabomba kwa viungio vya kubana badala ya moto. Baada ya hapo awashe pampu ya vakyumu, ile inayonyonya hewa na unyevu kutoka ndani ya mfumo, na kuiacha ifanye kazi hadi geji imhakikishie kwamba unyevu umetoka. Unyevu ukibaki, huganda kwenye kile kibomba chembamba na kuziba njia, au huchanganyika na oili ukawa asidi inayokula kompresa, yaani moyo wa jokofu, polepole. Jokofu litapoza wiki tatu, mteja atalipa na kushukuru, kisha litakufa.

Haya yote yalikuwa kwenye slaidi. Yalikuwa kwa Kiingereza, yakisomwa haraka ukutani kwa projekta, ukumbini, kwenye viti vya plastiki. Hapakuwa na pampu ya vakyumu. Hapakuwa na mtungi wa naitrojeni wala jokofu, hata bovu la kufungulia. Mkufunzi alikuwa kijana msomi, mwenye adabu, anayejua nadharia vizuri, ila maswali ya mafundi yalipogusa mikono, kwa mfano kiungio kikivuja baada ya kubanwa ufanyeje, alisema hilo wataliona kazini. Mwisho kila mtu alijaza fomu ya kuulizwa kama ukumbi ulikuwa mzuri, chakula kilikuwa kizuri na mkufunzi alieleweka. Kila mtu akapata cheti. Na yule aliyeingia siku ya mwisho peke yake akapata.

Wiki chache baadaye mmoja wa waliopata cheti alikuwa karakanani amewasha tochi, anataka kufungua kiungio cha jokofu ambalo gesi yake ilikuwa bado ndani. Mzee wetu mmoja, fundi wa zamani ambaye hana cheti chochote, alisoma kibandiko nyuma ya jokofu lile akamshika mkono. “Zima moto huo, mwanangu. Hii siyo ile uliyoizoea.” Kijana akazima. Hakubisha, kwa sababu anamheshimu yule mzee kuliko anavyokiheshimu cheti chake, na kwa kweli ana haki.

Ndugu Viongozi, hebu litazameni tukio lile kwa macho ya mwajiri. Nimelipa ada. Nimelipa mishahara ya siku ambazo watu hawakuzalisha. Kwenye faili nina karatasi inayosema kwamba kijana yule ana ujuzi wa gesi zinazowaka. Mkaguzi akija nitamwonyesha, naye ataridhika. Mteja akiuliza nitamwonyesha, naye ataridhika. Mfumo wote umeridhika, na mtu alikaribia kuungua uso. Hakuna mahali popote ambapo yule aliyetuuzia kozi ile aliwahi kuulizwa: hawa uliowafundisha, wanaweza?

Najua jibu la kwanza nitakalopewa, kwamba mtoa mafunzo atakiwe kuwa na usajili. Ndiyo, usajili ni lazima. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, NACTE, lililokuwa baraza la elimu ya ufundi, ikawa NACTVET, na kazi ya kusimamia vyuo vya ufundi stadi ikatoka VETA kwenda kwenye Baraza. Nililiunga mkono badiliko lile na bado naliunga mkono, kwa sababu haikuwa sawa taasisi moja ifundishe na wakati huohuo iwasimamie wanaofundisha. Lakini usajili unaangalia kile chuo kilicho nacho siku kinapoomba: majengo, walimu, vifaa, mtaala. Ni picha ya mlangoni. Kozi anayouziwa mwajiri inafanyika mbali na mlango huo, kwenye ukumbi wa kukodi Mwanga au Gungu, na pengine na mkufunzi ambaye jina lake halikuwemo kwenye maombi ya usajili. Wapo pia wanaouza mafunzo kwa leseni ya biashara tu, kama kampuni za ushauri, na hao sijui nani anawafuata.

Chumvi ya Uvinza haiingii sokoni mpaka ipimwe madini joto. Anayesindika mawese na kuyatia kwenye chupa atatafutwa na Shirika la Viwango, na ni haki, maana watu wanakula. Fundi umeme anayefunga nyaya za nyumba anatakiwa awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Lakini mtu anayewafundisha mafundi kumi kwa mpigo, ambao kila mmoja ataingia nyumba za watu kwa miaka ishirini, bidhaa yake haipimwi na yeyote ikishatoka mkononi mwake.

Tena fedha zenyewe ni nyingi, na nyingine tunazitoa kwa sheria. Mwajiri mwenye wafanyakazi kumi na zaidi analipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Natambua Serikali imekuwa ikiipunguza: kiwango cha waajiriwa kilipandishwa mwaka 2021 kutoka wanne hadi kumi, na mwaka wa fedha 2023/24 tozo ilishuka kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara. Tunashukuru. Bado, mwenye malipo ya mishahara ya shilingi milioni 10 kwa mwezi anatoa shilingi 350,000 kila mwezi, ambayo ni shilingi milioni 4 na laki mbili kwa mwaka. Akishalipa hiyo, anafungua pochi tena kununua kozi fupi ili watu wake waweze kazi iliyopo mbele yao. Mtu anayelipa mara mbili ana haki ya kuambiwa anachonunua kina ubora gani.

Kuna jambo ambalo wengi wanaliona dogo, nalo ni wakati. Sisi tunaotegemea ziwa tuna majira. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano na wenzetu wa Burundi, Kongo na Zambia tunaochangia nao maji haya. Miezi ile boti zinapandishwa ufukweni, mitambo ya barafu inapumzika, vijana wamekaa. Hakuna wakati bora kuliko huo wa kufundisha fundi wa injini, fundi wa baridi, nahodha wa boti, mchakataji wa samaki. Mtoa mafunzo anayemjua mwajiri wake angeujaza muda ule. Wanaotufikia, hata hivyo, wengi huja Septemba na Oktoba, ziwa limefunguliwa na kila mkono unahitajika, kwa sababu ratiba yao imepangwa kwa kalenda ya ofisi zao. Mwajiri anapeleka watu wawili badala ya saba, tena wale anaoweza kuwakosa, yaani wasio na kazi kubwa. Halafu tunashangaa kwa nini mafunzo hayabadilishi kitu.

Kumsikiliza mwajiri, basi, si adabu tu. Ni sehemu ya ubora, na inapimika. Uingereza waliwahi kuwa na kipimo mahususi kwa watoa mafunzo wanaohudumia waajiri, kikiwa na sehemu mbili zinazotazamwa kila moja peke yake: ya kwanza, jinsi mtoa mafunzo anavyoelewa mahitaji ya mwajiri na kuyajibu, ya pili, utaalamu wake katika sekta husika. Napenda mgawanyo ule. Mtu anaweza kuwa bingwa wa majokofu asiyejua kumsikiliza mteja, na mwingine akawa msikilizaji hodari asiyejua kushika tochi. Hapa kwetu tunahitaji kuwaona wote wawili kwa uwazi, badala ya kuwafunika na neno moja la “amesajiliwa”.

Ujerumani nako kuna jambo la kuazima. Kijana anayejifunza kazi kiwandani na chuoni kwa pamoja hapewi mtihani wa mwisho na chuo chake. Mtihani unasimamiwa na chemba ya biashara au ya mafundi, na kwenye kamati yake wanakaa wawakilishi wa waajiri na wa wafanyakazi kwa idadi sawa, pamoja na mwalimu wa chuo. Mwalimu yupo, ila si yeye peke yake anayeamua. Sisi tuna TCCIA hadi mikoani. Tuna vyama vya wafanyakazi. Tuna wazee wa karakana kama yule wangu. Watu wa kukaa kwenye kamati kama hiyo tunao Kigoma hii hii, hatuhitaji kuwaagiza kutoka Dodoma.

Na kuhusu nini kipimwe, kazi imeshafanyika zamani. Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alieleza hatua nne za kutathmini mafunzo: kama waliofundishwa waliridhika, kama walijifunza, kama wanafanya kazi tofauti wakirudi, na kama taasisi yao imepata tija. Fomu tunazojaza kumbini zinaishia hatua ya kwanza. Mwajiri anahitaji ya tatu na ya nne. Shirika la Kimataifa la Viwango nalo lina kiwango namba 29993 cha mwaka 2017, kwa ajili ya mafunzo yanayotolewa nje ya elimu rasmi, kinachomtaka mtoa huduma aanze kwa kuchunguza mahitaji ya mwanafunzi na ya anayelipa, aeleze huduma yake kabla ya kuiuza, na atathmini matokeo yake. Msingi upo. Kinachokosekana ni sisi kuuleta mpaka Kasulu.

Nieleze basi kiwango ninachokiona mimi, kwa maneno ya mtu wa karakana.

Kabla ya kozi, mtoa mafunzo aje mahali pa kazi. Asipige simu, aje. Aone mashine tuliyo nayo, aongee na msimamizi na mafundi wenyewe, kisha aandike kwa Kiswahili mambo ambayo kila mshiriki ataweza kuyafanya mwishoni. Si “ataelewa umuhimu wa” kitu fulani. Aandike kwamba mshiriki atatoa gesi, atasafisha mfumo, ataunga, atapima na kujaza, kwa jokofu la aina hii, bila kuvuja. Karatasi ile isainiwe na pande zote mbili na iwe ndiyo mkataba.

Mkufunzi wa vitendo awe mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka ya karibuni, na jina lake liwemo kwenye karatasi ile ile. Vifaa viwepo, tena vya kutosha ili kila mshiriki aguse mwenyewe. Darasa la watu arobaini na pampu moja si darasa la vitendo.

Lugha iwe ile ambayo fundi anaitumia akiwa kazini. Nimeona watu hodari wakikaa kimya siku nzima kwa sababu mkufunzi anaongea Kiingereza nao wanaona aibu kuuliza, halafu wakirudi karakanani wanamweleza mwenzao kwa Kiswahili, mara nyingine kwa Kiha, kile walichokielewa nusu. Vitabu vya mashine vimeandikwa kwa Kiingereza na Kichina, ni kweli, na fundi anahitaji kuyajua maneno yaliyomo. Hayo yafundishwe. Lakini ufafanuzi, maswali na mtihani viwe kwa Kiswahili.

Vyeti viwe vya aina mbili zinazotofautiana hata kwa rangi. Aliyehudhuria apewe cha kuhudhuria. Aliyefanya mbele ya mpimaji wa nje na akaweza, apewe cha umahiri. Leo hii vyote vinafanana, vyote vina nembo ya dhahabu, na mwajiri anayeajiri kijana mwenye bahasha ya vyeti sita hawezi kujua kimojawapo kina uzito gani. Hii ingekuwa rahisi kuliko yote na ingeweza kuanza kwa waraka mmoja tu wa Baraza.

Halafu, na hapa ndipo naomba mpaangalie zaidi, mtoa mafunzo arudi baada ya miezi mitatu. Aje na mpimaji asiyemwajiri yeye, wamkute fundi kazini, wamwangalie akifanya, wamuulize msimamizi wake nini kimebadilika. Ni majokofu mangapi yamerudishwa na wateja kabla na baada? Injini ngapi zimekufa tena? Mambo haya tunayaandika kwenye daftari la karakana tayari. Sehemu ya malipo, tuseme robo, ibaki mkononi mwa mwajiri hadi ziara hiyo ifanyike. Mtoa mafunzo mzuri hataogopa. Matokeo yapelekwe NACTVET na yawekwe mahali pa wazi, kwenye tovuti na kwenye ubao wa ofisi ya mkoa, kwa jina la mtoa mafunzo na aina ya kozi. Majina ya washiriki hayahitajiki.

Najua mtaniambia kwamba masharti haya yatawaua watoa mafunzo wadogo na tutabaki na wakubwa wa Dar es Salaam peke yao. Hofu hiyo naiheshimu, kwa sababu baadhi ya mafunzo bora niliyowahi kuyaona yametolewa na karakana ndogo isiyo na hata ukumbi. Ndiyo maana sijaomba majengo, kompyuta wala mafaili ya sera. Karakana ya Ujiji yenye fundi stadi na mashine halisi inaweza kukifikia kiwango hiki kesho asubuhi, ilhali kampuni yenye projekta na suti haitaweza mpaka ibadilike. VETA ina utaratibu mzuri wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini bila kupita chuoni. Uunganisheni na jambo hili: mzee anayepimwa na kutambuliwa apewe pia njia fupi ya kuwa mkufunzi na mpimaji wa kozi fupi. Tuna wazee wa injini za boti Kibirizi na Katonga ambao wanaijua sauti ya injini kabla hawajaifungua, na hakuna karatasi yoyote inayosema hivyo.

Lipo na kosa la upande wa waajiri, nami sitaki barua hii ilikwepe. Wapo wanaonunua vyeti kwa makusudi. Wanataka kujaza kipengele kwenye zabuni, au wanamwogopa mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, basi wanamtafuta wa bei ya chini anayemaliza kwa siku moja. Soko la vyeti vyepesi lina wauzaji kwa kuwa lina wanunuzi. Kwa hiyo kiwango kikiwekwa, taasisi za umma zianze: halmashauri, mamlaka za maji, hospitali, bandari. Zikitangaza zabuni ya mafunzo ziweke sharti la kipimo cha kazini, na zisitoe kazi kwa kigezo cha bei peke yake. Serikali ni mnunuzi mkubwa wa mafunzo kuliko sisi wote, na soko litaifuata.

Kwa nini naharakisha? Kwa sababu Kigoma haijawahi kuwa na kazi za ufundi nyingi kama zinazokuja. Reli ya kisasa kutoka Tabora hadi hapa, kilomita 506, mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022. Mradi wa umeme wa Malagarasi ni wa megawati 49.5. Mkoa ulioishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli umefikiwa na gridi ya taifa, na umeme wa uhakika maana yake ni viwanda vya barafu, vyumba vya baridi, mashine za kukamua mawese, mota, paneli za kuongozea mitambo. Bandari yetu inapeleka mizigo Bujumbura, Uvira na Kalemie. Kila moja ya kazi hizi itahitaji mafundi, na kila mkandarasi atauliza swali moja: nani anaweza? Vijana wa hapa wakionyesha vyeti ambavyo mkandarasi ameshajua kwamba havina maana, atawaleta wa kutoka mbali, na hatutakuwa na hoja ya kumzuia. Wetu watabaki wabeba kokoto kwenye reli inayopita nyuma ya nyumba zao. Hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya nikae niandike.

Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, sekondari, na Ofisi ya Waziri Mkuu imekuwa na programu ya kukuza ujuzi pamoja na mafunzo ya uanagenzi. Ni mambo mema, nayaunga mkono. Lakini yanamlenga zaidi kijana ambaye hajaajiriwa. Mtu mzima aliyeko kazini tayari, mwenye miaka thelathini na mitano na watoto watatu, anayehitaji wiki moja ya mafunzo ya kweli ili asipitwe na mashine mpya, yeye yuko mikononi mwa soko hili nililolieleza.

Sisubiri kanuni ya nchi nzima iandikwe kwanza. Ninachoomba ni majaribio katika mkoa huu mmoja na fani tatu: majokofu na barafu, injini za boti, na umeme wa viwandani. Ofisi ya Mkuu wa Mkoa iwakutanishe NACTVET, chuo cha VETA Kigoma, TCCIA, OSHA na waajiri tusiozidi kumi na wawili kwenye meza moja. Tuandike kwa pamoja orodha ya mambo ya kuweza kwa kila fani, kurasa mbili tu zinatosha. Tuwateue wapimaji wa nje, nusu kutoka karakanani na nusu kutoka vyuoni. Watoa mafunzo wanaotaka kushiriki wajitokeze wenyewe, wafundishe wakati ziwa limefungwa, na wapimaji wawatembelee mafundi kazini miezi mitatu baadaye, ziwa likiwa limefunguliwa na kazi imepamba moto. Gharama kubwa ni usafiri na posho za wapimaji, nasi waajiri tuko radhi kuchangia. Sehemu nyingine itoke kwenye tozo tunayolipa, kwa kuwa hili ndilo jina lake na ndiyo kazi yake.

Karakana yetu iko wazi kwa jambo hili. Mahali pa kufundishia tutatoa bure, majokofu mabovu ya kufungulia tunayo tele, pampu ya vakyumu ipo na naitrojeni tutanunua. Mafundi wetu wa baridi wamekubali kuwa wa kwanza kupimwa, na wamekubali majibu yao yabandikwe ukutani yakiwa mazuri au mabaya. Nitaileta barua hii pia kwa mkono, nakala iliyosainiwa, kwenye ofisi ya mkoa, na nitaomba nipangiwe siku ya kuja kuijibia maswali.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwajiri,
Kibirizi, Manispaa ya Kigoma-Ujiji